Mbwa Ana Mwenyewe, Kinyesi Chake Hakina?

Wazee wetu walionya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Onyo lile lilikuwa la haki, kwa kuwa lilimlenga yule aliyecheza. Lakini katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na katika baadhi ya mitaa iliyo nje kidogo ya mji, mambo yamegeuka. Siku hizi anayefuatwa msikitini ni mtu ambaye hajapata kumgusa mbwa tangu kuzaliwa kwake. Huondoka nyumbani alfajiri, giza halijapambazuka, naye ana udhu wake. Hupita katika njia ileile ya mchanga waliyopita baba yake na babu yake. Na afikapo mlangoni pa msikiti, penye mwanga wa taa, ndipo anapotambua kwamba amekanyaga kinyesi cha mbwa.

Yumkini mgeni akalicheka jambo hili na kuliona dogo. Kwa mwenyeji si dogo hata kidogo. Wengi wa Waislamu wa visiwa hivi hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa na kila kitokacho kwake huhesabiwa kuwa ni najisi nzito. Kitu kilichopatwa na najisi hiyo ilhali kuna unyevu hakitahiriki kwa maji ya kopo moja. Sharti kioshwe mara 7, na mara moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Basi muumini huyu hurudi nyuma, hutafuta udongo safi gizani, huosha mguu, huosha kiatu, hutazama upindo wa kanzu. Amalizapo, imamu amekwisha kutoa salamu. Naye mwenye mbwa, wakati huo, yu kitandani amelala raha mustarehe.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba makala hii haimshitaki mbwa. Mbwa hana akili ya kutafuta choo, wala hakuna aliyemfundisha. Tunayemshitaki ni binadamu aliyemchukua mnyama huyu, akampa jina, akamlisha, akafurahi kulindwa naye, kisha akaacha mambo mengine yote yawe mzigo wa jirani.

Watu hao si wa aina moja. Wako wenye hoteli na nyumba za wageni ambao hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Usiku humfungulia azunguke, na mbwa, kwa tabia yake, hachafui mahali anapolala. Huvuka ukuta akaenda kujisaidia pwani au katika njia ya watu. Kwa hivyo uwanja wa hoteli hung'ara, na kijiji ndicho kinachokuwa choo. Wako wageni wanaokuja kukaa msimu mmoja au miwili, ambao huwaonea huruma watoto wa mbwa waliowakuta mchangani, wakawalisha mpaka wakazoea. Visa ikimalizika, au pepo za msimu zikigeuka na mchezo wa kuteleza baharini ukapoa, mtu hupanda ndege akaenda zake. Mbwa hubaki. Alikuwa amezoeshwa kula mezani. Sasa hula jaani, naye huzaa hukohuko.

Lakini tusiwatupie wageni lawama zote, maana ukweli utatusuta. Sisi wenyeji nasi tuna mbwa wetu. Wasasi wa mashamba wanao, kwa kuwa pasipo mbwa huwezi kumtoa nguruwe mwitu katika kichaka, na nguruwe huyo ndiye anayefukua mihogo na viazi vya mkulima usiku. Wenye mashamba ya mbali wanao pia, kwa kuwakimbiza tumbili na wezi. Haya ni matumizi yanayoeleweka, na dini yenyewe imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda. Tatizo ni ile desturi yetu ya kummiliki mbwa nusu nusu. Akimbwekea mwizi ni mbwa wetu. Akimuuma mtoto wa jirani, au akichafua kizingiti cha chuo cha Kurani, kila mtu mtaani huapa kwamba hajui alikotoka.

Nani anayelipa gharama ya kukana huku? Mtazame mama anayelima mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989 katika fukwe za Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wake kimebebwa zaidi na wanawake. Bamvua likija na maji yakatoka mbali, mama huyu hushuka pwani, mara nyingi miguu mitupu, akavuna, akabeba magunia ya mwani mbichi unaochuruzika maji, kisha akautandaza juu ya mchanga au makuti ili ukauke kwa jua la siku kadhaa. Mbwa huupenda mwani uliotandazwa. Ni laini, na asubuhi una ubaridi. Hulala juu yake, hukojoa juu yake, huacha mengine pia. Mwenye mwani hana kwa kwenda kudai. Huondoa kile kinachoonekana kwa kijiti, husoma bismillahi, akaendelea na kazi, kwani bei ya kilo moja ya mwani mkavu haimruhusu kutupa hata kikapu kimoja.

Mtazame pia mtoto wa skuli anayecheza mpira pwani baada ya alasiri. Kinachomkabili hapo kinazidi harufu na karaha. Mbwa asiyepewa dawa ya minyoo aghalabu ana aina ya safura iliyo ya mbwa. Mayai ya mnyoo huyo hutoka pamoja na kinyesi, yakaanguliwa katika mchanga wenye joto na unyevu, na katika muda wa siku chache tu viluwiluwi vyake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu. Kwa kuwa mwanadamu si mwenyeji wake wa asili, kiluwiluwi hupotea njia, akatambaa chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu uliopindapinda, wenye muwasho usiomwacha mtu alale. Madaktari wa nchi za Ulaya huuona mara kwa mara kwa watu wao waliorudi kutoka fukwe za nchi za joto. Watoto wetu huupata bila ya kupanda ndege.

Kuna mnyoo mwingine ambaye hatari yake imejificha zaidi. Huyu huishi katika utumbo wa mbwa, hasa watoto wa mbwa, ambao humrithi kutoka kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa. Jike lake moja huweza kutaga kiasi cha mayai laki 2 kwa siku. Mtoto anayechezea mchanga na kutia kidole mdomoni huyameza. Viluwiluwi husafiri mwilini hadi ini na mapafu, na mara chache, lakini imetokea katika nchi nyingi, hufika katika jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Hapa pana jambo moja ambalo tungependa kila mwenye mbwa alifahamu vizuri. Mayai hayo yanapotoka hayana madhara bado. Huhitaji wiki 2 au zaidi katika ardhi ndipo yawe na uwezo wa kuambukiza, na baada ya hapo huweza kuishi mchangani kwa miaka. Maana yake ni kwamba kinyesi kilichookotwa siku ileile kinaondoka na hatari yake yote. Kilichoachwa mpaka kikasagika na kuchanganyika na mchanga hakiwezi kuokotwa tena na mtu yeyote, hata angeletewa greda.

Mwenye kusoma kwa haki atatuuliza: je, ni mbwa peke yake anayechafua pwani? La. Tukiwa tunasema, na tuseme yote. Matumbo ya samaki hutupwa palepale ngarawa zinapopwelewa, na ndiyo yanayowaita mbwa. Taka za jikoni hurundikwa nyuma ya nyumba bila ya kufukiwa. Na wako watu wazima, tena wenye heshima zao, ambao hawajaacha desturi ya kwenda kujisaidia pwani kabla ya jua kuchomoza. Mtu wa namna hiyo atakuwa na uso gani wa kumkemea mgeni juu ya mbwa wake? Walakini kosa la mmoja halihalalishi la mwengine, nasi leo tumekusudia kusema juu ya mbwa.

Sasa tuvuke bahari tuende Pemba, kwani huko ndiko tulikofundishwa somo lililo zito kuliko yote, na inasikitisha kuona jinsi linavyosahauliwa upesi.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishadhihiri kwa binadamu, karibu hapana anayepona. Mtu huumwa na mbwa, kidonda kikapona, akasahau. Wiki kadhaa au miezi baadaye anashindwa kumeza maji, anaogopa hata upepo, na siku chache tu zikipita amekufa mbele ya macho ya watu wake. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wote kwa sababu ya mbwa.

Kuanzia mwaka 2010 watafiti, pamoja na maofisa wa mifugo na wa afya wa kisiwa, waliufuatilia ugonjwa huu Pemba kwa namna ambayo haijafanywa mahali pengi. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ameumwa, na mbwa gani, mbwa huyo naye aliumwa na nani; wakachunguza na nasaba za virusi vyenyewe. Wakagundua kwamba kulikuwa na minyororo 5 ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Kukafanywa kampeni ya kuchanja mbwa kila mwaka, kisiwa kizima, na kadiri kampeni ile ilivyoboreshwa, mbwa wenye kichaa walipungua, walioumwa walipungua, na vifo vikapungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote 5 ilikuwa imekatika. Kisiwa chetu kilikuwa kimefanya lile ambalo nchi kubwa na tajiri zilichukua miongo kulifanya.

Kisha tukalegea. Ugonjwa haukuonekana, na jambo lisiloonekana halitengewi fedha. Chanjo zikasita. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena Pemba, si mara moja bali mara 2, vikawakuta mbwa wasiokuwa na kinga, na watu wakaanza kuumwa upya. Ikabidi chanjo ya kisiwa kizima irejeshwe, na mlipuko ule haukuzimwa mpaka Oktoba 2018. Watafiti haohao walipopiga hesabu walikadiria kwamba Pemba ikidumu bila ya kichaa cha mbwa, familia zaidi ya 30 kila mwaka huepushwa na balaa la kuumwa na mbwa mwenye ugonjwa huo. Familia 30 ni kijiji kidogo kizima.

Huenda msomaji akasema tumetoka katika kinyesi tukaingia katika kichaa, mambo mawili mbalimbali. Kwetu sisi ni jambo moja. Ili chanjo izuie ugonjwa yapasa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wachanjwe, na mbwa hajipeleki mwenyewe kwa bwana mifugo. Hupelekwa na mwenyewe. Mbwa anayezurura njiani na kuchafua mlango wa msikiti ndiye huyohuyo ambaye siku ya chanjo hakuna atakayejitokeza kumshika kamba. Ukitaka kujua shehia gani itakuwa na pengo katika chanjo, huna haja ya mtaalamu. Pita asubuhi uangalie njia zake.

Wapo wanaoona dawa ya yote haya ni kuua. Rai hiyo husikika kila mtoto anapoumwa, na hasira za mzazi tunazielewa. Lakini kuna kisiwa kilichoijaribu dawa hiyo. Mwaka 1997 mbwa 3 waliletwa Flores, nchini Indonesia, wakitokea Butung, sehemu yenye kichaa cha mbwa; kabla ya hapo Flores haikuujua ugonjwa huo. Wakuu wakaamuru mauaji, na katika wilaya zilizopatwa kiasi cha mbwa 70 katika kila 100 waliuawa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999. Miaka kadhaa baadaye ugonjwa ulikuwa bado upo, na watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa. Watu walificha mbwa wao, wakawahamisha vijiji, wakaleta wengine wapya, na ugonjwa ukahama pamoja nao. Asilimia 70 ileile, lau ingalichanjwa badala ya kuuawa, ingaliuzuia. Tena tukumbuke kwamba dini iliyotuamrisha kuosha mara 7 ndiyo iliyotusimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu. Kumpiga mawe na kumtilia sumu katika nyama hakumo katika mafundisho hayo.

Yawezekana basi kumlazimisha mwenye mbwa awajibike? Imewezekana kwengine, tena mahali palipoonekana pagumu. Mwaka 1978 mji wa New York ulianza kutumia sheria iliyomtaka kila mwenye mbwa aokote mwenyewe kinyesi cha mbwa wake, ama alipe faini iliyoweza kufika dola 100. Watu walicheka. Wakasema hakuna polisi atakayeacha majambazi akakimbizane na vibibi vyenye mbwa. Hata hivyo desturi ikabadilika, kwa sababu kila raia aliyekuwa akivumilia kimya alipata haki ya kumwambia jirani yake, bila ya kuona haya, ‘rudi uokote’.

Iceland, ambayo nayo ni kisiwa, ilikwenda mbali zaidi. Karne ya 19 watu wake walisumbuliwa mno na uvimbe wa maji katika ini unaotokana na tegu wa mbwa, ugonjwa ambao hapa Afrika Mashariki umejulikana sana kwa ndugu zetu Waturkana wa Kenya. Mbwa hupata tegu huyo kwa kulishwa matumbo ya kondoo na mbuzi wenye uvimbe, naye humpa binadamu kwa njia ya kinyesi chake. Wakaelimishwa wananchi, zikawekwa sheria juu ya mbwa na juu ya machinjo, na mwaka 1924 mji mkuu wa Reykjavik ukakataza kabisa ufugaji wa mbwa mjini, katazo lililodumu hadi 1984 lilipolegezwa kwa masharti. Sisi hatupendekezi katazo la namna hiyo. Tunalitaja ili wale wanaodhani kwamba suala la mbwa ni la kitoto wajue kwamba mataifa yamelitungia sheria nzito. Na kwa kuwa Idd kubwa huja kila mwaka, ni vyema kila anayechinja afukie matumbo badala ya kuyatupa jaani kwa mbwa.

Tukirudi kwetu, hatuamini kwamba tumepungukiwa na mamlaka. Sheria Namba 7 ya mwaka 2014 imezipa Serikali za Mitaa za Zanzibar uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa ajili ya maeneo yao. Masheha wapo katika kila shehia, nao wanajua nani amehamia, nani amezaa, na nani ameuza kiwanja. Sheha anayejua hayo hashindwi kujua nani ana mbwa. Lililopungua ni daftari. Tunawaomba Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya na Madiwani, hasa wa Kusini na Kaskazini Unguja ambako hoteli ni nyingi, waagize kwamba kila mbwa aandikwe katika shehia kwa jina la mtu mzima anayekubali kumjibia, avishwe mkanda shingoni wenye namba, na asipewe namba hiyo ila baada ya kuonyesha cheti cha chanjo ya mwaka huo. Mwenye mbwa akihama au akiondoka nchini, aseme mbele ya sheha anamwachia nani, na huyo anayeachiwa awepo.

Na faini iwepo, lakini isiwe kubwa mno hata ikaonewa haya kutozwa. Faini inayotozwa kila mara ina nguvu kuliko ile kubwa iliyolala kabatini. Wala isimwangukie mkulima mwenye mbwa mmoja wa kulindia mihogo, huku hoteli yenye mbwa 6 ikisalimiwa kwa heshima langoni na mkaguzi akarudi zake. Wananchi wanayaona mambo hayo, na sheria ya namna hiyo hufa siku ileile.

Bandarini nako pasisahauliwe. Virusi vilivyorudi Pemba mwaka 2016 havikuogelea. Mbwa anayepakiwa katika boti, jahazi au ngarawa bila ya cheti cha chanjo yapasa azuiwe kule anakotoka, na nahodha aulizwe kama anavyoulizwa juu ya karafuu za magendo.

Kwa wenye mbwa tuna ombi jepesi. Mfungeni usiku ndani ya uwanja wenu. Mkimtoa asubuhi, mshikeni kamba, msimpitishe njia ya msikiti wala ya skuli, wala penye mwani uliotandazwa, na mbebe kitu cha kuokotea. Tumesikia mtu akilalamika kwamba hawezi kuokota kwa kuwa Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Ni kweli ilipiga marufuku, tena tangu mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, nasi tunajivunia. Lakini karatasi ipo, kifuu kipo, na koleo dogo fundi wa bati atakutengenezea. Hata gazeti hili, likishasomwa, halitakasirika. Kilichookotwa kitiwe katika choo cha shimo, au kifukiwe mbali na kisima na juu ya alama ya maji makuu, kisiachwe mchangani kisubiri bahari.

Masika yakianza mchanga utalowa, na mayai yaliyomo yatapata unyevu yanaoungojea. Daftari la sheha linahitaji kalamu, mistari michache, na asubuhi mbili za kupita nyumba kwa nyumba. Tunatazamia kusikia ni shehia gani itakayokuwa ya kwanza kulifungua kabla ya mvua.